Filamu Ambayo Ta Bartholomayo Hakupaswa Kuiona

Nshamba, 6 Machi 1955

Kwa Shangazi yangu mpendwa Kokuberwa,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mwanao Nathanieli. Naandika nikiwa mzima, isipokuwa kifua, ambacho kila masika hunidai haki yake. Mama hajambo, ila anasema umemsahau. Upepo wa juzi umeangusha migomba mingi kibanjani, tunapika ndizi ambazo hazijakomaa. Paa la darasa langu linavuja upande wa wasichana, kwa hiyo wasichana na wavulana sasa wanakaa pamoja. Wazee wa kanisa wamekuja kulichunguza jambo hilo kabla ya kulichunguza paa.

Adventina anakusalimu. Tangu mama yake, Ma Alistidia, afariki mwezi wa Oktoba, nyumba yote ya baba yake, Ta Bartholomayo, iko mabegani mwake, naye amekonda. Anasema hatasahau ulivyompokea mama yake hapo Bilele alipokuja kutibiwa. Harusi yetu bado ni Septemba, kahawa ikishauzwa, Mungu akipenda.

Sasa tuje kwenye yetu. Tangu Krismasi sijaona filamu hata moja, na nahisi kama mlevi aliyekatazwa rubisi. Niandikie ulizoziona, na uzisimulie kama unavyojua wewe, usiseme tu kwamba zilikuwa nzuri. Halafu nina swali. Kama kungekuwa na mtu mzima mwenye akili zake, ambaye hajapata kuona filamu na anaamini kwamba ni kazi ya Shetani, ungemchagulia ipi iwe ya kwanza? Usiniulize ni nani.

Mwanao akupendaye,
Nathanieli

—

Bilele, Bukoba, 20 Machi 1955

Mwanangu Nathanieli,

Salamu zako zimefika, na kifua chako nimekisikia mpaka huku. Chemsha majani ya mkaratusi, ujifukize. Mwambie mama yako sijamsahau, macho ndiyo yamenisahau mimi, siku hizi kutunga uzi kwenye sindano ni ibada nzima. Cherehani inakwenda. Mke wa Burhani ameniletea vitambaa vya mabinti zake wote, na kila Jumatano mchana bado ananichukua kwenye sinema ya akina mama. Kanisani wanajua kwamba Jumatano nakwenda kupima nguo za Wahindi. Nikirudi macho yamevimba, wanadhani nadhulumiwa.

Sikiliza basi. Kuna ya Kihindi ambayo jina lake sijui kulisoma, mimi naiita ya Mwuza Taa. Mtu anauza taa mji mzima, na kwake ni giza kwa sababu mkewe amemkataza kuwasha, asionekane uso ulioungua. Hiyo uiombee mpaka ije likizo yako. Nililia mpaka mke wa Burhani akanipa ncha ya sari yake. Kuna ya Kimisri, ya daktari na mcheza ngoma. Ukiiona usimsimulie Adventina. Ya kauboi iliyokuja mwezi uliopita usiitamani, farasi wanajua kazi yao kuliko watu.

Kuhusu huyo mtu wako, ambaye nadhani ni mwalimu mwenzako, usimwanzishe na ya Kihindi. Nyimbo zitamchokoza. Wala ya bastola. Filamu ya kwanza ni kama uji wa mtoto, usitie pilipili. Mimi ningempa ile ya kahawa. Nasikia Serikali iliipiga huku kwetu mwaka jana, ikapelekwa Ulaya kusafishwa, na sasa inarudi na gari la sinema. Itazunguka Bukoba kwanza, halafu Muleba na kwenu. Ni miche, na kupogoa, na kuanika. Hakuna mzee wa kanisa awezaye kuukemea mti wa kahawa. Mwambie asiikose.

Shangazi yako,
Kokuberwa

—

Nshamba, 11 Aprili 1955

Shangazi mpendwa,

Natumaini Pasaka imekukuta salama. Hapa tulisali mpaka magoti yakalalamika. Mama alipika senene aliowahifadhi, na anakuwekea kopo lako. Kifua kimepoa kwa yale majani.

Ushauri wako umeniokoa, na sasa naweza kukuambia. Mtu yule ni Ta Bartholomayo.

Usishtuke. Mwezi wa Februari mtu alimpelekea habari kwamba mwalimu Nathanieli anawasimulia wanafunzi hadithi za filamu. Ni kweli, nilisimulia moja, mvua ilikuwa imetuzuia darasani. Akaniita. Unajua alivyo tangu aokoke, hapandishi sauti, anakutazama tu mpaka ujisikie umevaa shati chafu. Akasema binti yake hataolewa na mtu ambaye moyo wake uko ukutani na vivuli. Nikamwomba aone filamu moja kabla ya kuhukumu. Akasema ataliombea. Nilipomweleza kwamba ni filamu ya kahawa, na kwamba aliyeichagua ni wewe, akalainika. Alisema, "Ma Kokuberwa alimtunza mke wangu hapo Bukoba, akimpeleka hospitali asubuhi na kwenye maombi mchana. Yeye hawezi kuchagua jambo baya." Wewe ndiye uliyesimama mbele yake siku ya posa ukasema nyumba yetu haina mambo ya dunia, naye ameliweka neno hilo kama nanga.

Akiona kwamba filamu ni kitu cha kawaida, harusi imepona. Asipoona hivyo, sijui. Nalala nikiwaza.

Wako,
Nathanieli

—

Bilele, 15 Mei 1955

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua ni nyingi. Nimepokea senene, mshukuru mama yako.

Ile filamu ya kahawa nimeiona jana huko Kagondo. Si nzuri. Picha zinatetemeka na kahawa yenyewe haionekani sawasawa. Tena ni ndefu. Mtu mzima akikaa pale mgongo utamuuma. Mimi naona Ta Bartholomayo asiitazame. Mtafutie nyingine, au iache kabisa habari hii, kwani lazima kila mtu aone filamu?

Nina kazi nyingi, nitaandika tena.

Kokuberwa

—

Nshamba, 29 Mei 1955

Shangazi,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma inakuwa fupi zaidi. Umeumwa? Hukuniuliza hata kifua. Adventina anasuka mikeka ya harusi na anauliza kama gauni utakalomshonea liwe na mikono mirefu.

Halafu, niwie radhi, sijakuelewa. Wewe uliyewahi kukaa chini ya paa linalovuja mpaka mwisho wa filamu ya Kihindi iliyokatika mara nne, leo unalalamikia picha kutetemeka? Filamu haikataliwi kwa kutetemeka. Mama yangu angesema haya ningeelewa, si wewe.

Na maji yamekwisha kumwagika. Ta Bartholomayo ametangaza kanisani kwamba gari la sinema likija mwezi wa Julai atakwenda yeye mwenyewe, na wazee wote waende, wapime kwa macho yao. Bwana Shamba amenichagua mimi nisimame kwenye kipaza sauti nieleze picha kwa Kihaya, kwa sababu filamu inasema Kiingereza. Nikimwambia sasa asije, nitamweleza nini? Kwamba mgongo utamuuma?

Kama kuna jambo, liseme.

Nathanieli

—

Bilele, 10 Juni 1955

Mwanangu Nathanieli,

Kifua chako vipi? Gauni liwe na mikono mirefu, Nshamba kuna baridi na kuna wazee.

Lisemwalo lipo, na lisiposemwa pia lipo. Nimo ndani ya filamu ile.

Nitakueleza, na usicheke. Mwaka jana mwezi wa Julai, Jumatano moja, tulikuwa tunatoka sinema. Barabarani pale mbele ya mlango walikuwa wamesimama Wazungu wawili na mtambo wenye miguu mitatu. Mmoja ameinama anachungulia. Wiki ile ile Idara ya Ujenzi walikuwa wanapima barabara ya kwenda ziwani, na wao wana mtambo wa miguu mitatu, nao huinama wakachungulia. Nikasema hawa wanapima. Ukipita mbele ya mpimaji unamharibia vipimo, kwa hiyo tulisimama wima pale pale, kwa adabu, mpaka wamalize. Mzungu akapunga mkono kama anayesema tembeeni. Mimi nikampungia pia.

Mwanangu, nimetazama filamu tangu wewe ukiwa darasa la pili. Najua mwizi atatokea mlango gani kabla mwizi mwenyewe hajajua. Kamera ikaja ikasimama mbele ya pua yangu na sikuitambua, kwa sababu maisha yangu yote nimeitazama kutoka upande wa pili.

Basi Kagondo nimekaa kwenye nyasi nakula karanga, nafurahia mashamba ya watu ninaowajua, mara mji wa Bukoba, mara mlango wa sinema. Juu pana lile bango la mwanamke aliyelegea mikononi mwa mwanamume, na chini yake shangazi yako, na shali la kanisani, anapunga mkono. Karanga zilinikwama. Nilitoka pale nimejifunika kichwa kama mwizi wa kuku.

Ta Bartholomayo atakapoliona hilo, neno nililompa siku ya posa litakuwa la mwongo. Fanya ufanyalo, asije. Mwambie ninaumwa na ninamwita Bukoba siku hiyo. Kweli ninaumwa.

Shangazi yako

—

Nshamba, 26 Juni 1955

Shangazi mpendwa,

Nilicheka, nisamehe, nikacheka mpaka mama akaja mlangoni. Halafu nikakaa kitandani nikaisoma tena.

Nimemwendea Ta Bartholomayo nikamwambia unaumwa. Akapiga magoti pale pale akakuombea kwa jina, kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimepiga magoti kando yake na uongo wangu. Akasema atakuja kukuona baada ya gari la sinema kupita. Kwa hiyo hilo halikufaa kitu.

Nimetafuta njia nyingine. Picha yenyewe ni fupi? Mimi nitakuwa kwenye kipaza sauti. Mlango ukitokea nitasema haraka haraka, "Hawa ni wake wa wakulima, wametoka dukani kununua nguo kwa fedha ya kahawa," na nitasogea kidogo kivuli changu kiangukie bango. Hawezi kukutambua kwa kufumba na kufumbua. Amekuona mara chache, na siku zote ukiwa umeinamisha kichwa.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Umeandika tulikuwa tunatoka, tulisimama. Mke wa Burhani hawezi kusimama barabarani kwa sababu ya wapima barabara, angekwenda zake na mwavuli wake. Ulikuwa na nani?

Jibu upesi. Gari linakuja tarehe kumi na sita Julai.

Nathanieli

—

Bilele, 3 Julai 1955

Mwanangu,

Nilijua utauliza. Ulikuwa mtoto wa kuuliza tangu zamani.

Nilikuwa na Ma Alistidia.

Usiitupe barua, soma mpaka mwisho. Alikaa kwangu wiki tatu. Kila asubuhi nilimpeleka hospitali, hilo ni kweli. Siku ile ya Jumatano daktari alimkalisha, akamwambia ugonjwa umekwenda mbali na dawa haitaufikia. Tulirudi kwa miguu. Tulipokaribia sokoni akasema, "Ma Kokuberwa, nasikia kuna nyumba hapa ambamo watu wanatembea ukutani. Nipeleke." Nikamwambia, waitu, dada yangu, mume wako je? Akasema, "Mume wangu ataniombea mpaka nife. Mimi nataka kwanza kuona kitu." Ungefanya nini? Nilimchukua. Nilimpa shali langu la pili.

Hakutaka mumewe ajue neno la daktari, wala neno la sinema. Aliniapisha mambo yote mawili kwa pamoja. Ta Bartholomayo alipokuja kumchukua akauliza, "Jumatano mlikuwa wapi? Nilikuja sikuwakuta." Mimi nikasema maombi. Alistidia naye akaitikia, maombi. Nilipokuja kuzika, akaniuliza tena, nami nikasema tena maombi, matanga yakiwa bado hayajaanuliwa.

Sasa unajua kwa nini siwezi kulala. Mimi kuonekana ni aibu yangu, nitaibeba. Lakini yule mzee atakaa kwenye kiti chake mbele ya watu wote, na mkewe aliyemzika atamtokea mbele ya mlango wa sinema, akiwa hai, anacheka. Maana alikuwa anacheka, Nathanieli. Amefungua kinywa chote. Kivuli chako hakitafunika kitu.

Mwambie kabla. Au mwambie Adventina, yeye amwambie. Afadhali atukasirikie nyumbani kwake kuliko kuliona pale uwanjani. Harusi yako naiona inaondoka na mimi ndiye niliyeishikia mlango. Nampa dereva wa basi barua hii mkononi, nimemwapisha.

Kokuberwa

—

Bilele, 24 Julai 1955

Nathanieli,

Tarehe kumi na sita imepita na basi la Nshamba limekuja mara mbili bila barua yako. Dereva anasema gari lake lilikwama karibu na Muleba, daraja lilikuwa limekatika, na mfuko wa barua ulilala huko siku nyingi. Anasema hajui yangu ilifika lini. Nimemuuliza kila mtu aliyetoka kwenu. Mmoja ameniambia filamu ilikuwa nzuri sana, akanitazama, akaaga.

Niandikie hata neno moja. Likiwa baya liandike baya.

Shangazi

—

Nshamba, 2 Agosti 1955

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa na la kuandika mpaka jana. Mama hajambo, mimi sijambo.

Barua yako ya tarehe tatu nililetewa siku mbili baada ya filamu. Kwa hiyo nilisimama pale nikitazamia kukuona wewe tu.

Watu walijaa uwanja wa soko kabla jua halijazama. Ta Bartholomayo alikuja na kanzu nyeupe na koti, na kiti chake kikabebwa mpaka mbele kabisa. Adventina alikaa kwenye mkeka karibu na mimi, karibu na kipaza sauti. Giza lilipoingia wakaanza. Nilieleza miche, nikaeleza kupogoa. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kwenye kuanika alisema kwa sauti, "Huyo amekosea, hiyo kahawa mbichi," na watu wakacheka, na mimi nikajiambia, Mungu ni mwema, ameipenda. Ukaja mji, ukaja mlango. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kusema wake wa wakulima wametoka dukani.

Nikakuona wewe, na Ma Alistidia amekushika mkono. Maneno ya dukani nikayaacha. Adventina akasema, "Mawe," kama mtoto anayemwita mama yake. Hakupaza sauti, Shangazi, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu naye, kikaichukua kikaipeleka uwanja mzima.

Picha ikapita, yakaja malori. Ta Bartholomayo akasimama mbele ya taa, kivuli chake kikafunika malori yote, akamwambia mwenye mashine, "Rudisha." Yule akamwambia hairudi mpaka iishe. Akabaki amesimama mpaka ikaisha. Ikaanzishwa upya kwa ajili yake, na ulipofika mlango wa sinema alikwenda mpaka kwenye kitambaa, karibu kabisa, akavua kofia. Uso wa mkewe ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Halafu akamshika Adventina mkono wakaenda nyumbani, hakunitazama.

Jumapili mbili hakuja kanisani. Watu walinipa pole kama mfiwa. Adventina alikatazwa kutoka, na mimi nilifundisha darasa bila kujua ninafundisha nini. Niliamini imekwisha. Nilikukasirikia, ni kweli, na nilikasirika zaidi niliposoma barua yako, kwa sababu nilijua na mimi ningempeleka Ma Alistidia sinema.

Jana akaniita. Alikuwa amekaa uani na amezeeka. Akasema, "Mke wangu aliniambia walikuwa kwenye maombi. Shangazi yako aliniambia maombi, mara mbili." Nikasema ndiyo. Nikamwambia yote uliyoniandikia, na neno la daktari pia. Nisamehe, sikuweza kulibakiza. Nikamngoja atamke habari ya harusi.

Akaniuliza, "Alikuwa anacheka nini?"

Nikasema sijui.

"Nimekaa naye tangu akiwa msichana wa Katekisimo. Sijapata kumwona akicheka hivyo. Alikuwa anacheka nini?" Nikasema tena sijui. Akasema, "Mwambie Ma Kokuberwa aje aniambie yeye mwenyewe, hapa, usoni. Akinidanganya nitajua, na sitamwoza binti yangu kwenye nyumba ya uongo. Akisema kweli, matangazo ya ndoa yatasomwa."

Adventina amenipenyezea habari moja kupitia kwa Mama. Siku ile gari la sinema lilipotoka hapa kwenda Kamachumu, baba yake naye aliondoka kwa miguu alfajiri. Alirudi kesho yake na vumbi mpaka magotini, akasema alikwenda kutazama mbuzi wa kununua. Hakuna mbuzi.

Shangazi, alikuwa anacheka nini?

Mwanao,
Nathanieli

—

Bilele, 7 Agosti 1955

Mwanangu Nathanieli,

Nimelia, nimekwisha. Msalimie mama yako, mwambie Jumamosi nakuja kwa basi, anitandikie. Mwambie Adventina asinipikie chochote, sitaweza kumeza kabla sijasema.

Tangu barua yako ifike nimekuwa nikitunga. Mimi ni mtu wa filamu, kutunga si kazi. Nilitunga bata aliyemfukuza askari barabarani, wa kumchekesha hata mgonjwa. Nilitunga kituko cha ndani ya filamu. Lakini filamu ile ilikuwa ya huzuni mwanzo mpaka mwisho, Alistidia alilia kuliko mimi, na mzee akiniuliza jina la filamu hiyo nitamwambia, na akitaka kuiona nitampeleka mwenyewe.

Ninaogopa kweli yenyewe. Naogopa ataiona ni dhihaka, kwa sababu mkewe alikuwa anamcheka yeye. Lakini wewe ndiye unayeoa, na nyumba yako haitajengwa juu ya bata wangu. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza, ili nisiweze kurudi nyuma nikifika mlangoni pake.

Tulisimama pale wima, kwa ajili ya vipimo vya Wazungu, yeye na shali langu na macho mekundu. Akainua macho akaona lile bango juu yetu. Akasema, "Kokuberwa, Bartholomayo angeniona hapa," na ndipo kicheko kikamshika, akacheka mpaka akanishika mkono asianguke. Na kilipomwacha, uso ukiwa bado umefunguka, akasema taratibu, "Na ningependa anione."

Shangazi yako,
Kokuberwa